Pumzi Kumi na Nne

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni siku niliyoshindwa kumnyanyua baba yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa na mikono migumu, nilijua kumwangusha msichana aliyenizidi uzito, na kwetu Kasingirima watoto walikuwa wakinipisha njia kwa utani, wakisema bondia huyo anapita. Lakini baba yangu alikuwa chini, kwenye udongo wa uani kwetu, na mimi nimesimama karibu yake sina la kufanya.

Nakuhadithia wewe kwa sababu nawaona. Kila jioni mnapita hapa mlangoni kwangu Buzebazeba, mabegi mgongoni, mnakwenda kunyanyua vyuma na kujifunza mateke. Napenda. Usidhani mimi ni bibi wa kukatazana. Juzi mmoja wenu alinipa shikamoo nikamwuliza anatafuta nini huko. Akacheka, akanionyesha kwenye simu picha ya mtu mwenye mikono minene kama mapaja. "Hivi, Bibi. Kabla mwaka haujaisha." Nikamwacha aende, maana alikuwa na haraka. Ila jibu lile nalijua. Mimi pia nililitoa, kwa maneno mengine, mbele ya mtu ambaye hakunicheka.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Karibu kila wiki boti zilishusha watu pwani yetu ya ziwa, huyu ana godoro kichwani, yule ana mtoto na sufuria basi. Wengi walipelekwa kambini. Wachache walibaki mjini kwa muda, kwa ndugu au kwa watu wema, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa Bujumbura aliyeitwa Goreti. Alipewa chumba kwa jirani yetu, Bi Mwanahamisi, fundi wa cherehani. Alikuwa na umri kama arobaini hivi, mfupi, mabega mapana, mpole wa kusema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila akichoka kilianza kuchanganyika na Kirundi, na sisi tuliozoea Kiha hatukupotea sana.

Kwao Goreti alikuwa mwalimu wa judo. Hakututangazia. Bi Mwanahamisi ndiye aliyetuambia, siku tulipomwona mgeni wake anamfundisha mwanawe wa kike namna ya kuutoa mkono ukishikwa kwa nguvu. Tukataka na sisi. Siku zile njia zilikuwa zimejaa watu tusiowajua, na kila nyumba ilikuwa na hadithi ya msichana aliyeshikwa mkono kisimani au njia ya shamba. Mama zetu walinong'ona wiki nzima, kisha wakakubali, kwa sharti kwamba tuvae suruali ndani ya magauni na mwanamume asikanyage pale. Mfanyabiashara mmoja akatupa ghala lake bovu. Tulijaza pumba za mpunga kwenye magunia, tukayapanga chini, tukatandika turubai juu. Hapo ndipo tulipojifunza kuanguka. Wiki tatu za mwanzo, mwanangu, hakuna tulichofundishwa ila kuanguka bila kuumia na kuinuka. Mimi niliona tunapotezewa wakati.

Tulikuwa wasichana saba. Siku moja Goreti alituketisha kwenye turubai, akatuuliza kila mtu kwa zamu yake.

"Sema jambo moja ambalo mwili wako hauliwezi leo, na wewe una shida nalo. Moja tu. Lisiwe la kupendeza. Liwe la kweli."

Hadija akasema anataka kupandisha ndoo ya maji kutoka ziwani mpaka kwao bila kuitua njiani. Mwingine akasema anataka akishikwa mkono autoe asilie. Salma, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote kwa umbo, akasema anataka kukimbia bila kuhema kama mbuzi, tukacheka. Goreti akachukua kipande cha mkaa, akaandika jina la kila mmoja ukutani na jambo lake chini ya jina.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nataka mkanda mweusi kabla ya Ramadhani."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameona picha zilezile nilizoziona mimi kwenye kibanda cha video. Goreti akaliandika, kisha akanigeukia.

"Mwajuma, mkanda mweusi mimi ulinichukua miaka tisa," akasema. "Na nilikuwa nakula vizuri."

"Mimi najitahidi kuliko wengine."

"Naona. Lakini nimeuliza shida. Nyumbani kwako hakuna kitu kizito?"

Nikasema hakuna.

Nilidanganya, mwanangu. Nyumbani kulikuwa na baba.

Baba yangu, Mzee Rajabu, alikuwa fundi wa mitumbwi na boti. Tangu nilipopata akili nilimjua kwa sauti ya tezo ikichonga ubao, na kwa harufu ya mbao aliyorudi nayo jioni. Mwaka ule, kabla ya masika, alianguka akiwa kazini. Walimrudisha upande wake wa kulia umepooza, mguu na mkono, na maneno yamekuwa mazito mdomoni. Mkono ule wa kulia ndio ulioshika tezo. Aliyekuwa akipanda juu ya boti kama kijana sasa alihitaji watu wawili kumtoa kitandani, na watu hao tulikuwa mama na mimi. Tulimvuta mikono, mmoja huku mmoja kule, naye akiguna kwa maumivu ya bega. Tulipochoka tuliwaita vijana aliowafundisha kazi. Walikuja kwa moyo mzuri. Lakini kila walipombeba kumpeleka chooni, baba alifumba macho tangu kitandani mpaka arudi.

Nilimwonea aibu. Leo naweza kulisema, miaka imepita. Sikuwa na aibu naye kwa ubaya, nilimpenda mno. Ila nilikuwa msichana, na nilitaka ghalani niwe mtu mwingine, mwenye nguvu, asiye na harufu ya dawa ya kuchua kwenye nguo. Ndiyo maana sikumtaja.

Basi nikaufuata mkanda wangu. Goreti akisema kumi, mimi nikifika nyumbani naongeza ishirini. Akisema leo tupumzike, mimi nazunguka nyuma ya nyumba nikaendelea. Sikuandika popote nimefanya kiasi gani wala sikujua nataka kufika wapi. Nilijua tu kwamba nisipoumia nahisi sijafanya kitu.

Kisha Salma akanitia kiburi. Pembeni mwa ua wetu palikuwa na boriti ya mvule aliyoiacha baba, kipande kinene ambacho wanaume walikibeba wawili. Siku moja Salma alikuja kunisuka, alipomaliza akainama akakinyanyua upande mmoja mpaka kifuani, akakiachia. "Wewe je?" akaniuliza. Hakuwa na ubaya, ulikuwa mchezo. Nikamwambia nitakinyanyua chote. Alipoondoka, mama yuko sokoni na mawese yake, nikaenda peke yangu. Nikainama mgongo umepinda kama upinde, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Boriti ilitoka chini kidogo. Kisha kitu kikachomoka kiunoni, kama kamba iliyokatika, nikaiachia ikaanguka kwa kishindo. Nilikaa chini nikishindwa hata kulia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sikumwambia mtu. Nilitembea nimenyooka kama askari ili mama asitambue, na ghalani sikwenda tena siku zilizofuata.

Alhamisi mama akaondoka kwenda Kalinzi, msiba wa shangazi yake. Safari ile ilikuwa ya gari na miguu, asingeweza kurudi kabla ya kesho yake. Aliniuliza mara mbili kama nitamudu na baba, au awaambie vijana wa karakana waje walale. Nikamwambia, "Mama, mimi sina nguvu?" Akanishika shavu, akaenda.

Kabla ya adhuhuri baba aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, akipunga upepo. Mimi nilikuwa naanua dagaa. Nadhani alitaka kwenda chooni na hakutaka kunisumbua, maana alijua natembea vibaya kuliko nilivyofikiri. Aliegemea ukuta kwa mkono wa kushoto, akajaribu kusimama. Niligeuka kwa sauti ya kigoda kikipinduka.

Hakuumia. Alianguka ubavu, taratibu, kama mtu anayelala. Lakini kikoi kilikuwa kimelowa, naye alijua nimeona.

Nikakimbia nikamshika kwapani, nikavuta. Mgongo ukanikata, nikaanguka magoti. Nikajaribu tena. Nikajaribu kwa kumshika kiuno. Mara ya tatu nilipiga ukelele, na baba akaniwekea mkono wake mzima juu ya mkono wangu.

"Acha," akasema.

"Niite watu, Baba?"

"Usi... ite. Hivi... hapana."

Jua lilikuwa kali. Nikavua kanga yangu ya juu nikaishika kumtengenezea kivuli, nikakaa pale kwenye udongo kando yake. Machozi yalikuwa yakinitiririka. Baba akanitazama kiunoni.

"Mgongo," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Jumatatu. Boriti. Nilisi... kia."

Alikuwa amesikia kile kishindo kutoka kitandani kwake, na siku nne zote alikuwa akinisubiri niseme. Hakunigombeza. Natamani angenigombeza. Alinipapasa kichwa kwa mkono ule wa kushoto ambao alikuwa hajauzoea, akanipapasa vibaya, vidole vikinigonga sikio.

Sijui tulikaa kiasi gani. Mara nikasikia hodi mlangoni, na sauti ya Goreti ikisalimu kwa Kirundi chake: "Amahoro hapa?" Alikuwa amekuja kuniulizia, kwa kuwa nilikuwa nimetoweka siku tatu. Baba akanitazama kwa macho ya kunikataza, lakini mwalimu alikuwa ameshaingia mpaka uani, akatuona.

Hakushtuka, wala hakuja mbio. Alipiga magoti mbali kidogo na baba, akasema, "Shikamoo, Mzee. Mimi Goreti, mwalimu wa Mwajuma."

Baba aligeuza uso ukutani.

"Mzee, mimi baba yangu nilimbeba mgongoni," akaendelea kwa sauti ya chini. "Kutoka kwetu mpaka ziwani, siku mbili. Alikuwa mzito kukushinda. Njiani alijikojolea, akalia kwa aibu, nikamwambia, Baba, wewe ulinifuta mara ngapi? Niruhusu nikukalishe."

Baba, bila kugeuka, akauliza, "Yuko... wapi?"

"Nilimfikisha. Alikula ugali wa hapa kwenu siku nane. Tumemzika huko juu, Kigoma."

Baba akageuka. Alimtazama yule mwanamke, na macho yake yakalowa. Akanyoosha mkono wake wa kushoto kwake.

Mwanangu, nilichokiona hapo sijawahi kukiona kwenye kibanda cha video. Goreti alimfunika kwanza kwa kanga. Hakumvuta mkono hata mara moja. Alimkunja magoti, akamgeuza ubavu, akamkalisha, akamwacha apumue. Akasogeza kigoda na kukiegemeza ukutani. Kisha akachuchumaa mbele yake, mgongo umenyooka, magoti yake akayabananisha na goti la baba lililopooza lisiteleze, akampitishia mikono kiunoni, kifua kwa kifua. "Mzee, tunakwenda pamoja. Na wewe sukuma kwa mguu mzima. Rimwe, kabiri, gatatu," akahesabu kwa Kirundi, moja mpaka tatu. Akainuka kwa miguu yake, wala si kwa mgongo, na baba akainuka naye. Mtu mfupi yule! Akamgeuza robo, akamkalisha. Hakuwa hata amehema.

Nikaleta maji na kikoi safi, tukamwekea pazia la kanga, baba akajisafisha mwenyewe kwa mkono mmoja. Alichukua muda. Tukamwacha achukue.

Goreti akanivuta pembeni, jikoni. Nilijua nitasemwa.

"Nilikuuliza nyumbani kuna kitu gani kizito," akasema.

"Niliona aibu, Mwalimu," nikasema, nikamweleza yote, hata ya boriti.

"Umevunja mgongo kwa boriti ambayo hakuna mtu aliyehitaji inyanyuliwe." Alisema polepole, kwa huzuni, kama anayemsema mdogo wake. "Na baba yako leo alikuhitaji, nguvu umeshazitupa. Mimi sikasiriki. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Lakini sasa nijibu vizuri. Ni jambo gani moja mwili wako hauliwezi leo?"

Nikasema, "Kumwinua Baba."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Sikuwa nimefikiria. "Kutoka kitandani mpaka kwenye kigoda."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne. Tano."

"Bila yeye kuguna?"

Hapo nikalia tena. "Bila yeye kuguna," nikasema.

"Haya. Hilo ndilo tutakaloandika."

Ghalani alifuta kwa kiganja chake yale maneno ya mkanda mweusi, akaandika hayo. Kisha akanigawia kazi vipande vipande. Wiki tatu za kwanza hakuna kunyanyua chochote. Kutembea mpaka ufukweni na kurudi, asubuhi na jioni, na kulala chali nikipumua. Niliona ni adhabu. Baadaye kuketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, mara tano, mgongo umenyooka. Wiki iliyofuata mara nane. Kisha ndoo, maji robo. Kisha nusu. Kisha gunia dogo la mchanga nikilikumbatia kifuani kama mtu. Kila Ijumaa aliniuliza, "Ya jana ungeweza kuirudia leo?" Nikisema ndiyo, tunaongeza kidogo. Nikisema hapana, tunarudi nyuma. Kipimo chake kilikuwa hicho tu, na kukidanganya kulikuwa kugumu kwa sababu mwili wangu wenyewe ulinisema.

Lakini nimesahau kukuambia jambo. Siku ileile ya Alhamisi, Goreti alipokuwa anaaga, baba alimwita kwa mkono.

"Na... mimi?" akauliza.

Goreti akarudi akachuchumaa. "Wewe, Mzee, unataka nini?"

Baba alijikusanya. Maneno yalimchukua muda, tukamngoja. Alisema anataka kusimama akiswali. Tangu aanguke alikuwa akiswali ameketi, na hakuna aliyemlaumu, dini yenyewe imemruhusu. Ila yeye alitaka kusimama.

"Kusimama muda gani?"

Baba akafikiri. "Mpaka... Alhamdu... iishe."

Goreti alikuwa Mkristo, hakujua urefu wake. Akasema, "Isome, Mzee, nisikie." Baba akaisoma, kwa ulimi ule mzito, neno moja moja, jasho likimtoka. Goreti alimwekea mkono mgongoni akihesabu kimya. Ilipoisha akasema, "Pumzi kumi na nne. Leo unaweza ngapi?"

Tulimsimamisha akishika fremu ya mlango, Goreti akiwa mbele yake. Alisimama pumzi mbili, miguu ikitetemeka, kisha akaomba kuketi.

"Mbili ni nyingi," Goreti akasema. "Kesho mbili tena."

Hivyo tukawa wawili wenye kazi nyumbani kwetu, baba na mimi. Asubuhi mama akipika uji, mimi nikiinuka na kuketi kwenye kigoda, baba aliniangalia kwa ukali wa fundi. Nikipinda mgongo alisema, "Ubao... umepinda," na mimi nikajinyoosha. Yeye naye akisimama mlangoni, mimi nilihesabu. Mbili wiki nzima. Kisha tatu. Mama alizoea kuacha mwiko hewani mpaka tumalize kuhesabu.

Usidhani ilikwenda moja kwa moja. Alipofika sita akapata malaria, akarudi kwenye mbili. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Alipopata nafuu nikataka tuanzie pale tulipoachia, nikamhimiza, tano, Baba, bado moja, akalegea goti nikamdaka kwa bahati. Siku ile nilimwona anaogopa, na hofu ile ilikuwa yangu mimi, nilimpa mimi. Nikamwomba radhi. Goreti alipopewa habari alisema tu, "Buhoro buhoro, Mwaju, polepole. Mwili wa mtu hausomi tarehe."

Siku niliyomwinua baba peke yangu kwa mara ya kwanza haikuwa na watu. Mama alikuwa sokoni. Nilimkalisha, nikabananisha goti lake, nikamkumbatia. "Moja, mbili, tatu, Baba." Tukainuka. Nilisikia ndevu zake shavuni kwangu na moyo wake ukidunda, nikamgeuza, nikamkalisha kwenye kigoda. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa wazi. Hakuwa ameyafumba kama alivyoyafumba kwa vijana wa karakana.

"Huku... guna," akaniambia, akacheka upande mmoja wa mdomo. Alikuwa ananitania mimi.

Baba alipofika pumzi kumi na moja, zamu ya Goreti ya kwenda kambini ikafika. Alikuja kuaga na mfuko mmoja. Sisi wasichana saba tulimpa vitenge viwili, yeye alinipa ukanda wa kitambaa cheupe alioutia manjano ya jikoni mpaka ukawa na rangi. "Wa njano," akasema. "Huu unaustahili kweli." Baba akaomba asimamishwe. Alisimama mlangoni kwa ajili yake, kama mtu anavyomsimamia mgeni wa heshima, pumzi zote kumi na moja, kisha akamwambia neno la Kirundi alilojifunza kwake, la kumtakia mtu awe imara: "Komera." Goreti akainamisha kichwa akaficha uso kwenye kitenge. Akatoka haraka.

Ya kumi na nne baba aliifikia Ijumaa moja adhuhuri. Mama alikuwa nyuma yake, mimi pembeni, hatukumshika. Alisoma Alhamdu yote akiwa amesimama. Alipomaliza, mama alikuwa analia kwa sauti, na baba akaketi, akaendelea na swala yake kama kawaida.

Nilimpa dereva mmoja wa lori salamu za kupeleka kambini: mwambie Mwalimu Goreti, Mzee amefika kumi na nne. Wiki mbili baadaye dereva akarudi na jibu. "Amefurahi sana, amecheza," akasema. "Halafu ameuliza, na kuinama je, kunachukua pumzi ngapi?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake asubuhi tukaanza kupima kuinama.

Aliishi miaka minne zaidi. Hakushika tezo tena, na mkono ule haukuamka, sitaki nikupambie. Goreti alirudi kwao amani ilipokuja, nikaambiwa anafundisha tena. Mkanda mweusi sikuupata, na judo niliiacha nilipozaa mtoto wa pili. Mgongo wangu mpaka leo ukipigwa na baridi ya ziwa unaniuma palepale.

Sasa mwanangu, nikuambie ninachotaka ukichukue. Unapokwenda kule kwenye vyuma na mateke, kabla hujanyanyua kitu, jiulize una shida gani nyumbani kwako, mtaani kwako, mwilini mwako mwenyewe. Chagua jambo moja. Liseme kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyapima: kutoka wapi mpaka wapi, mara ngapi, bila kuguna. Anza na kiasi unachokiweza leo hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Ongeza pale tu ambapo ya jana unaweza kuirudia. Ukiumwa rudi nyuma bila kujitukana. Ukiumia sema siku hiyohiyo, usitembee umenyooka ukiwaficha wanaokupenda, kwa sababu wao wanasikia vishindo vyako. Na kama kuna mtu kwenu ambaye mwili wake umemshinda, usimwache kitandani akikusikiliza unavyojizoeza. Mwulize na yeye anataka nini. Mhesabie.

Mungu akupe mwili usiokusaliti, na mwalimu asiyekucheka. Akupe subira ya kukaa kwenye mbili wiki nzima. Wazazi wako wakizeeka wasikuogope mikononi mwako, na wewe ukizeeka usikose wa kukukumbatia kifua kwa kifua akikwambia tunakwenda pamoja. Nenda sasa, wenzako wanakusubiri. Komera, mwanangu.